Konvata ya Giaboksi Kando ya Ziwa
Mmiliki wa Subaru Forester ya turbo ya miaka ya 1990, iliyoagizwa ikiwa mtumba kutoka Japani na sasa inatumika Migori au Homa Bay, anapotaka kuongeza mbio hukuta kwamba swali gumu liko kwenye konvata, yaani chombo cha mviringo kilichojaa mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, ambacho, kwa kanuni iliyobuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905, huzidisha torki, au nguvu ya kuzungusha, karibu mara mbili gari linapoondoka. Kipimo chake kikuu ni kasi ya kikomo, yaani mizunguko ya injini kwa dakika inayofikiwa pedali ya mafuta ikikanyagwa huku breki ikizuia magurudumu. Lakini kikomo hutegemea pia torki ya injini, na kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria, unaozidi mita 1,100, injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla turbo haijaanza kusukuma hewa, hivyo kikomo hushuka. Kikomo cha juu sana hufaa mashindano ya masafa mafupi (na ni nani hushindana nyuma ya trekta la miwa pale Awendo?), ilhali katika safari za kawaida konvata ya namna hiyo huteleza, na utelezi huzaa joto linalounguza mafuta. Kwa barabara ya Rongo hadi Isebania yafaa kikomo kinachozidi cha kiwandani kwa mizunguko mia chache tu, klachi inayofunga konvata gari likishika mwendo ibakizwe, na kipozeo cha mafuta ya giaboksi kinunuliwe kabla ya konvata yenyewe.