Chumba Cheusi cha Mwanasesere

Mama mmoja wa Kicukiro, hapa Kigali, ametuletea barua yenye mashaka. Binti yake wa miaka tisa ameona katika picha chumba cha mwanasesere cha mtindo wa Kigothi, yaani mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya: kuta nyeusi, mapazia ya rangi ya damu ya mzee, na madirisha yaliyochongoka juu. Sasa anataka cha namna hiyo. Baba asema weusi si wa chumba cha mtoto, ni wa matanga. Mama auliza afuate shauri la nani, na vifaa avipate wapi pasipo kuumaliza mshahara.

Rai yetu ni kwamba mtoto apewe chumba chake. Weusi si mgeni katika nyumba za Rwanda. Huko Gisaka, upande wa mashariki, kuta za ndani zilipambwa tangu zamani kwa imigongo, michoro ya mistari ya kupinda na pembe kali, ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi huihusisha sanaa hiyo na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao hata mistari isimame kama matuta, kisha hukaushwa, husuguliwa na kupakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutokana na udongo. Nyeusi hupatikana katika majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wanawake wa Kirehe, wengi wao wajane, waliifufua kazi hiyo katika ushirika wao uitwao Kakira. Hao walikuwa na matanga ya kutosha, na weusi hawakuuacha. Baba na aelezwe hayo kwa upole.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chumba cha mwanasesere aghalabu hakiharibiwi na uhaba wa vifaa. Huharibiwa na vipimo. Nyumba mashuhuri ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kumalizika mwaka 1924, ilifuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili, na ndiyo maana mtazamaji huisadiki. Mwanasesere wa dukani mwenye kimo cha sentimita 30 hivi ni mkubwa zaidi. Kwake gawa kwa sita. Mlango wa mita 2 utakuwa na sentimita 33, meza ya sentimita 75 itakuwa na 12 na nusu, na kiti cha 45 kitakuwa na 7 na nusu. Kitenge cha maua makubwa, kizuri mno kwa mama, kikitundikwa humo hummeza mwanasesere mzima. Waombe mafundi cherehani wa soko la Kimironko vipande vya kitambaa cha rangi moja.

Kuta zitoke katika kadibodi ngumu ya sanduku, upande wa mbele ukiachwa wazi. Kwa dirisha, chora mstari wa sentimita 10. Weka ncha ya bikari mwisho mmoja, ifungue hadi mwisho wa pili, uchore tao kuelekea juu. Kisha fanya hivyo hivyo kutoka upande wa pili. Matao yanapokutana ndipo penye ncha. Mwachie mtoto kazi hii, maana jometri ya namna hiyo haisahauliki upesi. Mahali pa kioo bandika karatasi nyeupe iliyopakwa rangi kisha ikasuguliwa mafuta ya kupikia kidogo: nuru itapenya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, wala hatuihitaji.

Imigongo iwe ukuta mmoja tu, ule wa nyuma. Kuta tatu zenye mistari huumiza macho. Badala ya samadi, gundisha kamba nyembamba ya katani kwa kufuata mchoro wa penseli, iache ikauke usiku kucha, ndipo upake rangi. Nafasi kati ya mstari na mstari isizidi nusu sentimita. Pembeni weka agaseke, kile kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka. Utaona jinsi kinavyopatana na madirisha, utadhani vilibuniwa na fundi mmoja.

Binti ataomba mshumaa. Mviringishie karatasi nyeupe, na ncha yake aipake rangi ya manjano. Mshumaa wa kweli usiwashwe humo hata kwa dakika moja, kwa kuwa kadibodi na karatasi yenye mafuta hushika moto upesi.