Masafa Yasilale Huku Vijiji Vikikosa Mtandao

Kenya ilipozima mitambo ya televisheni ya analojia mwaka 2015, wananchi waliambiwa wanunue ving'amuzi kwa kuwa masafa ni mali adimu. Wakanunua. Leo, nje ya miji mikubwa, chaneli nyingi kati ya megahezi 470 na 694 zimelala, na shule nyingi za vijiji vya huko huko hazina intaneti.

Hili halikubaliki. Eneo hilo la masafa lina chaneli 28, na chaneli moja ya kidijitali hubeba vituo vingi vya televisheni kwa wakati mmoja; hivyo televisheni haizihitaji zote, na zilizolala zinaweza kubeba intaneti. Mawimbi yake hufika mbali zaidi na kupenya miti vizuri zaidi kuliko yale ya Wi-Fi. Ndiyo yanayofaa mashambani, ambako nyumba zimetawanyika na mnara mmoja hauna budi kuhudumia eneo pana.

Wala si ndoto. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu wa Microsoft na washirika wake uliunganisha shule na zahanati kwa masafa haya, mitambo ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Mwaka huo huo Malawi nayo ilijaribu huko Zomba.

Watangazaji wana haki ya kuhofia kuingiliwa, lakini kinga ipo. Kabla ya kurusha mawimbi, kifaa hueleza mahali kilipo, nayo hifadhidata hukijibu chaneli zipi ziko huru na kitumie nguvu kiasi gani. Kituo cha televisheni kikihitaji chaneli yake, kifaa hicho huhamia nyingine.

Mamlaka ya Mawasiliano imekwisha kutoa mwongozo wa kuyatumia masafa haya. Mwongozo peke yake haufikishi mtandao Marsabit. Vifaa bado ni ghali kwa kuwa watengenezaji ni wachache, na hawataongezeka soko likisuasua. Tena wenye njaa ya masafa haya ni wengi: mwaka 2023, katika mkutano wa kimataifa wa masafa mjini Dubai, mataifa yalivutana juu ya hatima yake. Tukichelewa, kampuni kubwa za simu zitagawiwa masafa haya kwa leseni za nchi nzima, nazo zitajenga pale penye faida tu.

Tunaitaka Mamlaka itangaze, kaunti kwa kaunti, chaneli zipi hazitumiki, na ipunguze ada kwa kampuni ndogo na mitandao ya jamii. Na kila leseni mpya ya masafa, hata ya simu, iwe na sharti: usipoyatumia mahali fulani, mwingine aruhusiwe.