Usimpe Unga Tu, Mpe Mtaji



Kila Ramadhani tunaona picha zile zile. Mama amesimama kwa foleni, amebeba unga, mafuta na sukari, na sisi tumejipanga nyuma yake na fulana za kikundi, tunachekea kamera. Allah apokee. Lakini hebu nikuulize: mwaka jana ulimpa nani? Kama ni mama yule yule, na mwaka ujao atakuwa pale pale kwa foleni, basi hatujamsaidia kutoka. Tunamhesabu tu.

Njoo Kamukuywa uone. Shuka kwa matatu ya Kitale kwenda Webuye, hapo panapochepuka barabara ya kupanda Kaptama. Huyo mama wa foleni utampata hapo, ameketi kando ya barabara na mafungu yake ya nyanya na vitunguu. Ameamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anajua nani analipa na nani ni wa maneno. Anajua nyanya gani itafika kesho na gani lazima iuzwe leo kwa hasara. Usije ukamwitia semina ya kumfundisha biashara. Biashara anaijua kukuliko wewe na mimi.

Kitu hana ni pesa ya kununua gunia zima.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia ni 4,000, na akiliuza kwa mafungu anapata 5,500. Faida ni 1,500. Lakini mkononi ana 800. Kwa hivyo ananunua debe debe kwa mtu wa kati, na kwa bei hiyo gunia lile lile linamgharimu 5,000. Faida imebaki 500. Ile 1,000 imeenda kwa mtu ambaye hakuketi juani hata dakika moja. Huyu mama anafanya kazi kila siku, na kila siku analipia umaskini wake.

Sasa afanye nini? Akope. Akope wapi? Kuna simu. Sote tunajua mikopo ya simu ilivyotesa watu, mpaka wadai wakawa wanapigia ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Bunge lilitunga sheria mwaka 2021 kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu, na kanuni za 2022 zikakataza vitisho hivyo. Kuna Hustler Fund iliyoanza Novemba 2022. Huko ni asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko wengi, lakini ni riba, na mkopo wa mtu binafsi unaanzia 500 na kulipwa kwa siku 14. Na kuna wale wa mikopo ya kila wiki, ambao ukikosa siku moja wanakuja kubeba godoro.

Ijumaa anasikia khutba: riba ni haramu. Ni kweli, hakuna mjadala hapo. Lakini akitoka msikitini anaenda wapi? Tumemfungia mlango mmoja, mwingine hatukumfungulia. Sura ya Baqara inayoharamisha riba ndiyo hiyo hiyo inayotaja mkopo mwema, na ndiyo inayotuamrisha tumpe muda mdaiwa aliyekwama. Sisi tumeshika nusu ya somo, ile nusu isiyotugharimu kitu. Ni rahisi kumwambia mama asikope kwa riba ikiwa wewe huna mpango wa kumkopesha bila riba.

Tena Bibi Khadija tunamtaja kila tukiongea juu ya wanawake. Mfanyabiashara, mwenye mali, radhi za Allah ziwe juu yake. Sawa. Lakini huyu Khadija wa Kamukuywa mwenye beseni la nyanya, tunamuona pia ama tunamuona tu akishika pakiti ya unga?

Abu Dawud amepokea kisa cha Answari aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani. Akaleta nguo na bakuli, vikauzwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa anunulie watu wake chakula, ya pili anunue shoka, akakate kuni auze. Angalia mgawanyo huo. Nusu chakula, nusu mtaji. Sisi tunatoa chakula pekee halafu tunashangaa mbona foleni haipungui.

Utasema, "Wewe, pesa ikienda sokoni hairudi." Nenda Lahore, Pakistan. Mwaka 2001 Daktari Amjad Saqib na wenzake walianzisha Akhuwat kwa mkopo wa rupia 10,000 bila riba, na wa kwanza kupewa alikuwa mwanamke mjane. Alirudisha. Pesa ile ikapewa mwingine, na mwingine. Leo mikopo yao imefikia mamilioni ya watu, hutolewa misikitini na hata makanisani, na karibu yote hurudi. Hawakuanza na benki. Walianza na mama mmoja waliyemwamini.

Utasema tena, "Hiyo ni kazi ya serikali." Basi saidia hiyo ya serikali imfikie. Uwezo Fund ilitokana na bilioni 6 zilizotengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais 2013, ambayo haikufanyika. Inakopesha vikundi vya wanawake, vijana na walemavu bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3. Hukumu ya ada hiyo muulize sheikh unayemwamini. Lakini mama zetu wangapi hata wameisikia? Inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti. Wewe una simu, umemaliza Form Four, unajua kuandika barua. Jumamosi moja tu ya muda wako inaweza kumaliza karatasi zinazomtisha yeye mwaka mzima.

Na kama hutaki kungoja ofisi, anza mwenyewe. Vijana ishirini, kila mmoja 500 kwa mwezi. Hiyo ni 10,000. Akina mama wawili, 5,000 kila mmoja, warudishe kidogo kidogo kila wiki. Mwezi ujao wawili wengine. Kwa mwaka mmetia 120,000, na haziishi, zinazunguka. Masharti matatu tu: hakuna nyongeza hata shilingi, hakuna picha, na jirani yake asiye Muislamu asiachwe nje, kwa sababu wanakaa jua moja.

Akikwama kwa sababu mtoto aliugua au mvua iliharibu mzigo, mpe muda. Akishindwa kabisa, peleka jambo lake kwa kamati ya zaka. Wenye madeni ni kati ya wale makundi manane waliotajwa katika Sura ya Tawba. Zaka iko kwa ajili hiyo.

La mwisho, na hili litauma. Kabla hujachangia chochote, pita kwake ulipe deni lako. Ndiyo, wewe. Zile nyanya za "andika, nitaleta kesho", na zile ndizi za mwezi juzi. Jina lako liko kwa kile kitabu chake kidogo. Unatafuta nani amemmalizia mtaji? Fungua kitabu usome.

Lipa leo. Halafu Ramadhani ikifika, muombe yeye achangie unga. In sha Allah atakuwa nao.