Mwanambuzi si Mbuzi Aliyepunguzwa

Wako wafugaji wengi wasemao kwamba mwanambuzi ni mbuzi yule yule, ila mdogo. Basi akiugua humkadiria dawa kwa macho tu, wakaona yatosha. Fikira hiyo siikubali, na sababu yangu imo katika figo.

Kazi ya figo ni kuchuja damu: uchafu hutoka pamoja na mkojo, na maji na chumvi zifaazo hurudishwa mwilini. Vichujio vyenyewe ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Katika mbuzi na kondoo huumbwa tumboni mwa mama, kabla siku zipatazo 150 za mimba hazijatimia. Katika nguruwe huendelea kuumbwa hata baada ya kuzaliwa. Lakini kuumbwa si kukomaa. Siku za kwanza damu ipitayo katika figo ni kidogo, na kuchuja kwake ni dhaifu. Nguvu huongezeka katika majuma yafuatayo.

Kwa hiyo, kwanza, mbuzi mwenye mimba alishwe vema, maana kichujio kisichoumbwa tumboni hakiumbwi tena. Pili, mwanambuzi akiharisha hukaukiwa upesi, kwa kuwa figo zake hazijaweza kubana maji sawasawa. Asinyimwe maziwa, na baina ya kunyonya anyweshwe maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 kwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tatu, dawa nyingi hukawia katika mwili wake. Dawa kama jentamisini yaweza kuziharibu figo zenyewe, hasa mnyama akiwa amekaukiwa. Basi apimwe uzito kwanza, na kiasi kiamriwe na bwana mifugo.

Watu watajibu kwamba bwana mifugo hayuko karibu, na njia ya kutoka Mzumbe kupanda Mgeta ni ndefu. Ni kweli, lakini mizani ya kupimia maharagwe yapatikana sokoni, na mwanambuzi hutosha katika kikapu. Ukiujua uzito, hata ukituma mtu kuuliza utajibiwa sawasawa.

Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walifika Mgeta katika miaka ya 1980. Jike mmoja akifa mchanga, nyumba hupoteza maziwa ya miaka mingi na uzao wake wote. Hasara hiyo yaizidi sana taabu ya kupima.