Bei ya Mafuta Isisingiziwe: Mwisho wa Kiwanda cha Moraine

Katika masomo ya jiografia na sayansi kimu, habari za kiwanda aghalabu hukomea pale mwanafunzi anapotaja mahali kilipo, malighafi yake na soko lake. Ni nadra kuulizwa kwa nini kiwanda hufa. Hata hivyo kifo cha kiwanda hufundisha mengi kuliko kuzaliwa kwake, maana ndipo kanuni za fizikia, sheria za nchi na hesabu za fedha hukutana mahali pamoja. Mfano mzuri ni kiwanda cha kampuni ya General Motors kilichokuwa Moraine, karibu na mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani.

Hapo ndipo lilipotengenezwa gari la Chevrolet TrailBlazer, gari la familia la ukubwa wa kati lililojengwa juu ya chesisi kama lori, ambalo Wamarekani huliita SUV. Lilianza kuuzwa mwaka 2001. Ndugu zake walitoka katika mstari huo huo: GMC Envoy, Oldsmobile Bravada, Buick Rainier, Isuzu Ascender na Saab 9-7X. Majina yalikuwa sita, lakini chini ya bodi zote ilikuwamo chesisi ya namna moja. Mwaka 2004 TrailBlazer peke yake iliuzwa zaidi ya magari 250,000 nchini Marekani. Mwaka 2008 mauzo hayakufika 100,000, na tarehe 23 Desemba ya mwaka huo gari la mwisho likatoka kiwandani.

Jibu ambalo wengi hutoa ni fupi: mafuta yalipanda bei. Ni kweli kwamba Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifikia dola 147, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Ni kweli pia kwamba uamuzi wa kufunga kiwanda ulitangazwa Juni 2008, wakati petroli ilipokuwa ghali mno. Lakini jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikifundishwa darasani huzaa ujinga kamili. Desemba 2008, gari la mwisho lilipokuwa likiunganishwa, pipa lilikuwa limekwisha shuka chini ya dola 50. Aidha, kiwanda cha Oklahoma City, kilichotengeneza TrailBlazer ndefu, kilifungwa Februari 2006, miaka miwili na zaidi kabla ya kilele hicho. Kama bei ndiyo iliyokuwa mwuaji pekee, basi iliua mmoja kabla haijafika, na mwingine baada ya kuondoka.

Sababu ya kwanza yapasa kutafutwa katika muundo wa gari lenyewe. TrailBlazer ilikuwa na chesisi ya chuma, na bodi iliyofungwa juu yake kwa bolti, kama lilivyo lori. Muundo huo ni imara, hufaa kuvuta trela na kuhimili njia mbovu. Gharama yake ni uzito: gari hilo lilikuwa na takriban tani 2. Katika magari mengine bodi lenyewe ndilo linalobeba mzigo wote, bila chesisi ya peke yake, na hivyo huweza kuwa jepesi zaidi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa tofauti hiyo. Gari la kilo 2,000 likienda mwendo wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya juli 400,000. Gari la kilo 1,500 katika mwendo huo huo lina juli 300,000. Kila dereva anapokanyaga breki hadi gari lisimame, nishati hiyo yote hugeuka joto na kupotea, na anapoondoka tena hapana budi inunuliwe upya kwa petroli. Hakuna fundi awezaye kuifuta hasara hiyo kwa ustadi wa injini peke yake. Na injini ya TrailBlazer haikuwa duni hata kidogo: ilikuwa ya lita 4.2, silinda sita kwa mstari mmoja, yenye bloku ya alumini na vali nne kwa kila silinda, iliyosifiwa sana na wahandisi. Injini bora ilifungwa katika gari zito. Uzito ukala faida ya ubora.

Sababu ya pili ni sheria. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji kupunguza ulaji wa mafuta wa magari yao. Lakini magari madogo ya abiria yaliwekewa kipimo kimoja, na malori mepesi kipimo kingine kilicho rahisi zaidi. Kati ya mwaka 1996 na 2004 wastani uliotakiwa kwa magari ya abiria ulikuwa kama kilomita 11.7 kwa lita moja, na kwa malori mepesi kilomita 8.8 tu. Gari la familia lililojengwa kama lori lilihesabiwa kuwa lori. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuokoa mafuta iliacha mlango wazi, na kampuni zikapita humo. Moraine ilineemeka kwa miaka mingi ndani ya mwanya wa sheria, na mwanya si msingi wa kujengea nyumba.

Wapo wanaotetea kwamba kampuni ilitengeneza tu kile walichokitaka wanunuzi. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kununua. Lakini mnunuzi huweza kubadili nia katika wiki moja, ilhali kiwanda hakiwezi. Mstari wa kuunganisha bodi na chesisi, mitambo ya kuchomelea vyuma na vipimo vyake vyote vilikuwa vimepangwa kwa gari la namna moja. Majina sita yalionekana kama bidhaa sita, kumbe yalikuwa yai moja katika kikapu kimoja. Wanunuzi walipohamia magari mepesi, yote sita yaliporomoka pamoja. Kisha msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ukaifikisha kampuni yenyewe mahakamani kuomba hifadhi ya muflisi, Juni 2009.

Jengo hilo hilo linatoa ushahidi wa upande wa pili. Kabla ya magari, Moraine ilitengeneza majokofu ya Frigidaire hadi mwaka 1979. Mitambo ikabadilishwa, na kuanzia mwaka 1981 yakatoka magari. Mwaka 2014 kampuni ya Fuyao ya China ililinunua, na sasa hutengeneza humo vioo vya magari. Kuta hazikuwa tatizo, wala mahali. Waliolipa gharama ni wafanyakazi: wengi walikaa miaka bila kazi, na baadhi yao waliporudi chini ya paa lile lile walikuta ujira ulio chini sana kuliko wa zamani.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa na General Motors pamoja na serikali ya Kenya mwaka 1975 kiliendelea hata baada ya kampuni hiyo kuuza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017. Huunganisha malori, mabasi na pikapu, yaani vyombo ambavyo uzito na chesisi yake vina kazi ya kufanya kila siku. Chesisi ya lori chini ya mzigo wa mahindi ni busara. Chini ya mtu mmoja aendaye dukani ni mzigo wa bure.

Ndiyo maana haifai mwanafunzi aambiwe kwamba bei ya mafuta iliua kiwanda. Bei ilifichua tu udhaifu uliokuwamo tangu ramani ya kwanza ilipochorwa. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa jiografia wakae pamoja, wafundishe somo hili kama somo moja. Na kijana anayejifunza ufundi asiridhike kujua gari la namna moja. Ajue kanuni zinazotawala magari yote, kwa sababu magari hupita na kanuni hubaki. Fundi ajuaye kanuni anaweza kutoka katika majokofu akaingia katika magari, na kutoka magari akaingia katika vioo. Ajuaye bolti za gari moja tu, siku gari hilo linapokoma, ujuzi wake nao hukoma.