Serikali Isiyoaminiwa Nyumbani Itaaminiwaje Ugenini?



Tarehe 25 Juni 2024 polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, wakiwa wamepewa bendera ya taifa na maneno ya sifa. Siku hiyo hiyo vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Siku moja tu kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imeitangaza Kenya rasmi kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO. Kwa hiyo katika muda wa siku mbili serikali yetu ilivikwa taji ugenini na kukataliwa barabarani nyumbani kwake. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona kuwa mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa, na kwamba mwananchi anayo haki ya kuuliza: je, uhalali wa dola hutoka kwa mataifa yanayoipongeza, au kwa watu inaowatawala?

Hatusemi kwamba Haiti haikuhitaji msaada. Magenge yenye silaha yaliushika sehemu kubwa ya mji mkuu, na wanyonge wakafukuzwa makwao. Mkristo hawezi kumpita aliyejeruhiwa kando ya njia akasema si jirani yake. Lakini hata Msamaria mwema hukaribia kwa upole, kwa kuwa majeruhi hujua ni nani waliompiga kwanza.

Na Haiti inawakumbuka waliompiga. Taifa hilo lilijikomboa utumwani na kutangaza uhuru wake mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ilituma manowari na kuilazimisha ikubali kulipa faranga milioni 150 ili itambuliwe kuwa taifa huru. Wahaiti walinunua kwa fedha kile walichokwisha kukilipia kwa damu, na deni lile likawalemaza kwa vizazi. Marekani ikaikalia nchi hiyo kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Kisha Umoja wa Mataifa ukaweka kikosi chake huko kuanzia 2004 hadi 2017. Mwaka 2010 kipindupindu kilizuka kutokana na uchafu wa kambi ya walinda amani na kuwaua watu wanaokaribia 10,000. Ilipita miaka sita kabla ya Katibu Mkuu Ban Ki-moon kuomba radhi mbele ya ulimwengu, mnamo Desemba 2016. Taifa lililopitia hayo halitamwamini mgeni kwa sababu tu ameshika karatasi yenye muhuri.

Karatasi hiyo Kenya ilikuwa nayo. Tarehe 2 Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha ujumbe wa usalama kwa kura 13, huku China na Urusi zikijizuia kupiga kura. Lakini aliyeomba ujumbe huo ni Waziri Mkuu Ariel Henry, ambaye hakuchaguliwa na wananchi wake. Alishika madaraka baada ya Rais Jovenel Moïse kuuawa tarehe 7 Julai 2021. Hapa Nairobi, Mahakama Kuu iliamua tarehe 26 Januari 2024 kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwapeleka polisi nje ya nchi, na kwamba sheria inataka kwanza pawepo mapatano ya kusaidiana baina ya nchi mbili. Serikali ikaharakisha kuyatafuta mapatano hayo. Bwana Henry akaja Nairobi, na tarehe 1 Machi 2024 hati zikatiwa sahihi. Kisha akashindwa kurudi kwao. Magenge yaliushambulia uwanja wa ndege, na tarehe 11 Machi akatangaza kwamba atajiuzulu.

Tulitafakari hilo, wasomaji. Sahihi iliyowapeleka vijana wetu vitani iliwekwa na mtu ambaye mlango wa nchi yake ulikuwa umefungwa nyuma yake. Kisheria huenda wino ule ulitosha. Lakini imani haikuwamo ndani yake, na bila imani mkataba ni gofu la nyumba lisilo na wakazi. Baadhi ya maafisa wetu wamepoteza maisha huko. Fedha na vifaa vilivyotegemea hiari ya mataifa vilikuja kwa kusuasua, na mnamo Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kikosi kile kigeuzwe kuwa kikosi kipya. Waliotia sahihi walirudi mezani, bali waliofiwa wamebaki na makaburi.

Wenye umri miongoni mwetu wanalifahamu somo hili kwa sababu tuliwahi kulisoma nyumbani. Mwaka 1982 kifungu cha 2(A) kiliingizwa katika Katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, ambapo mahali kadhaa wenye foleni ndefu walitangazwa kuwa wameshindwa. Katika miaka hiyo misaada ya nchi za Magharibi haikukoma, maana vita baridi vilikuwa vikiendelea na Kenya ilihesabiwa kuwa rafiki. Ilhali viongozi wa kanisa kama Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya walinena wakati mabalozi wengi walikuwa wamenyamaza. Wananchi walikwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 pasipo kuomba ruhusa ya mfadhili yeyote.

Ndipo Novemba 1991, mjini Paris, wafadhili wakasimamisha misaada mipya, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2(A) kikafutwa. Tusiwe watovu wa shukrani: shinikizo lile lilisaidia. Lakini Novemba 1993 wafadhili hao waliahidi fedha tena, ingawa damu ya waliouawa katika mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa ilikuwa haijakauka. Aliyetufungulia mlango kwa maslahi yake angeweza kuufunga kwa maslahi yake pia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katiba ya Agosti 2010 haikuandikwa Paris. Ilitokana na miaka ishirini ya mikutano, mahubiri, vifungo na makaburi, na ndiyo sababu ibara yake ya kwanza inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi.

Mtume Paulo alimfundisha Timotheo kwamba atakaye kulitunza kanisa apimwe kwanza kwa namna anavyoisimamia nyumba yake. Kipimo hicho kinazifaa serikali pia. Polisi asiyeaminiwa na mama mboga wa Mathare ataaminiwaje na mama wa Port-au-Prince? Serikali inayokwepa amri ya mahakama zake itawaambiaje Wahaiti kwamba inawapelekea utawala wa sheria?

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, kila mkataba unaowapeleka wana wetu nje uwekwe wazi na kujadiliwa Bungeni kabla ya kutiwa sahihi, na wananchi wasikilizwe. Pili, mataifa rafiki yatumie kipimo kimoja. Yasiisifu Kenya kwa kulinda amani ng'ambo huku yakinong'ona tu Wakenya wanapopigwa risasi. Tatu, na hili ni letu sisi wenyewe, tuache desturi ya kukimbilia balozi kabla ya kwenda kwa watu. Tamko linalosomwa kwenye ua wa ubalozi, lakini halijasomwa katika parokia wala sokoni, halina mizizi.

Tunawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa waanze hapo. Someni ibara za Katiba katika jumuiya ndogo ndogo. Waulizeni waumini ni nani aliyeulizwa kabla polisi hawajapelekwa Haiti, na ni nani aliyewajibika kwa vijana waliouawa Nairobi siku ile. Ziandikeni familia za pande zote mbili katika sala zenu, za polisi waliokufa ugenini na za vijana waliokufa nyumbani, kwa kuwa wote walipotezwa na serikali moja isiyouliza. Mcheza kwao hutunzwa. Serikali yetu ikishatunzwa hapa kwa haki, haitahitaji kutafuta sifa kwingine.