Msimfiche Aliyekunywa

Ndugu zangu, nawaandikieni kuhusu saa chache tu za maisha ya mtu: zile zilizo kati ya kunywa pombe yenye sumu na macho kuanza kuingia kiza. Ndani ya saa hizo mtu anaweza kuokolewa. Wengi hawaokolewi, na mara nyingi si kwa kukosa daktari, bali kwa sababu waliomzunguka wanaogopa kusema amekunywa nini.

Mwaka 2016 jimbo la Bihar, huko India, lilipiga marufuku pombe ya kila aina. Waliolidai hilo kwa nguvu kuliko wote ni wanawake, waliochoka kupigwa na kuona ujira wa siku ukiishia kwenye chupa. Siwalaumu hata chembe. Ningekuwa mmoja wao ningedai vivyo hivyo. Lakini sheria ile ilikuja na mkono mzito. Hapo mwanzo, pombe ikikutwa nyumbani, watu wazima wote wa nyumba hiyo waliweza kushtakiwa. Basi ilipofika Desemba 2022, katika wilaya ya Saran, makumi ya watu wakafa kwa pombe ya magendo, na zipo familia zilizochoma maiti haraka bila uchunguzi, kwa kuhofia polisi. Nitish Kumar, kiongozi wa serikali ya jimbo, alisema bungeni kwamba anayekunywa atakufa. Aprili 2023 serikali yake ikakubali kuzilipa familia za waliokufa rupia 400,000 kila moja, mradi zieleze kwa maandishi kwamba ndugu yao alikunywa pombe hiyo. Ukweli uleule ambao ungemwokoa mgonjwa ulikuja kutafutwa akiwa marehemu. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Sumu yenyewe ni methanoli, pombe ya viwandani inayochanganywa na wauzaji wasio na huruma ili kinywaji kiwe kikali na cha bei rahisi. Kwa ladha na harufu huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia neva ya macho na kuvuruga mwili mzima. Kwa kuwa inaanza polepole hivyo, mtu anaweza kulala vizuri, akaamka na kichwa kizito, tumbo linauma, anatapika. Wenzake watasema ni mning'inio tu, wamwambie akazimue. Akizimua kwa pombe ileile anaongeza sumu. Baadaye anaanza kuona ukungu, kisha pumzi inakuwa ya taabu.

Hospitali ina la kufanya. Iko dawa iitwayo fomepizole, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Isipopatikana, daktari hutumia ethanoli safi kwa kipimo maalumu ili kulizuia ini lisiendelee kutengeneza asidi ile, na damu ya mgonjwa husafishwa kwa mashine. Hayo si ya kujaribia nyumbani. Na yote yanategemea daktari kuambiwa mapema.

Kwetu Afrika Mashariki haya si mambo ya mbali. Novemba 2000, jijini Nairobi, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kiliua watu zaidi ya 100, ingawa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa imepigwa marufuku Kenya tangu 1980. Sheria ya 2010 ikairuhusu chang'aa kwa leseni, na bado Mei 2014 watu walikufa kwa makumi katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, ambako watu wasiopungua 17 walifariki. Marufuku peke yake haikuwakinga, na leseni peke yake haikuwakinga.

Msinielewe vibaya: sipingi kuidhibiti pombe. Tanzania ilipozuia viroba, vile vifuko vya pombe kali, kuanzia Machi 1, 2017, nilifurahi, na Uganda ilipofuata mwaka 2019 nilifurahi tena. Kifuko cha bei ya chini, kinachofichika kwenye mfuko wa sare ya shule, hakikuwa na sababu ya kuwepo. Tazameni pia sheria hizo zilimlenga nani: mwenye kiwanda na muuzaji. Kinyume chake, Marekani ilipokuwa katika marufuku yake ya 1920 hadi 1933, serikali yenyewe iliagiza pombe ya viwandani itiwe sumu ili isinyweke, watu wakainywa, wakafa. Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo jijini New York, alilipinga jambo hilo hadharani. Alisimama upande wa mnywaji, maana maiti zilikuwa zinaletwa kwake.

Basi ombi langu ni hili. Mama mwenye nyumba, mwanao akiamka na dalili hizo baada ya kunywa, usimfungie chumbani kwa aibu ya majirani. Mpeleke, na ukifika tamka wazi: amekunywa. Kama kimebaki kinywaji kwenye chupa, nenda nacho. Shehe, padri, mchungaji, mnaokemea ulevi kwa haki kabisa, waambieni waumini kwamba kumpeleka mlevi hospitali hakumaanishi kuukubali ulevi wake. Mwenyekiti wa mtaa, na wewe chifu, itisheni kikao hata cha nusu saa mkiwa na polisi na mganga wa kituo, mkubaliane kwamba anayemleta mgonjwa hatazuiliwa mlangoni wala kutishwa kwa kesi. Muuzaji atafutwe, tena kwa bidii, lakini wodi isigeuzwe kuwa mahali pa kukamatia watu.

Na ninyi mnaokunywa pamoja, ninaowapenda kama ndugu wengine wowote: mmoja wenu akianza kulalamikia macho, msimwache mtu nyuma. Kila aliyekunywa kutoka kwenye dumu moja naye aende hospitali siku hiyohiyo, hata anayejiona mzima. Gongeni milango yao wote, pamoja na ya yule aliyetangulia kuondoka.